Kurasa za intaneti zinapokawia ofisini: Tafuta chanzo kabla ya kununua kasi zaidi

Na MWANDISHI WETU

KARANI anapobofya anwani ya tovuti kisha akaketi kusubiri huku duara dogo likizunguka kwenye skrini, anayeumia si yeye pekee. Mbele ya dawati lake huenda kuna foleni ya watu wanaotaka kuhudumiwa, kuna stakabadhi zinazopaswa kutumwa kabla ya ofisi kufungwa, na kuna mkuu wa idara anayeamini kwamba kazi imechelewa kwa sababu ya uzembe wa karani huyo.

Zamani shughuli nyingi za ofisi zilifanywa kwa karatasi na muhuri. Leo hii kodi hulipwa na taarifa zake kuwasilishwa kupitia iTax, leseni na vyeti vingi hutafutwa kupitia eCitizen, nazo benki, wauzaji bidhaa na wateja huwasiliana na ofisi kupitia mtandao. Ukurasa unapokwama, kazi nayo hukwama.

Hasara inayotokana na hali hiyo si ndogo. Chukua mfano wa ofisi yenye wafanyakazi 20. Iwapo kila mmoja wao atapoteza dakika 15 kwa siku akisubiri kurasa zifunguke, ofisi hiyo itapoteza saa 5 kila siku. Kwa mwezi wenye siku 22 za kazi, jumla ni saa 110, sawa na karibu siku 14 za kazi za mtu mmoja ambazo mwajiri hulipia mshahara bila kupata chochote.

Isitoshe, kuna tarehe ambazo hazimsubiri mtu. Taarifa za kodi ya mishahara, yaani PAYE, hutakiwa kufikia tarehe 9 ya kila mwezi na zile za kodi ya VAT kufikia tarehe 20. Mtu binafsi anayechelewa kuwasilisha taarifa yake ya mwaka baada ya Juni 30 hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea kiwango kilicho cha juu.

Wakuu wengi wa ofisi wanapolalamikiwa kuhusu jambo hili hukimbilia suluhisho moja tu: kuipigia simu kampuni inayowauzia intaneti na kununua kifurushi cha kasi kubwa zaidi. Wakati mwingine hatua hiyo husaidia. Mara nyingine pesa hutumika, mwezi huisha, na kurasa zikaendelea kukawia vilevile kwa sababu chanzo kilikuwa kwingine kabisa.

Ukweli ni kwamba ukurasa mmoja hupitia vituo kadhaa kabla ya kuonekana kwenye skrini, na kila kituo kinaweza kuuchelewesha. Anayetaka kutibu tatizo hili sharti kwanza ajue ni kituo kipi kinachougua. Habari njema ni kwamba kazi hiyo haihitaji vifaa vya bei ghali wala elimu ya uhandisi.

Safari ya ukurasa

Unapoandika jina la tovuti, kompyuta haijui tovuti hiyo iko wapi. Huuliza kwanza seva maalumu ya majina, inayofanya kazi kama kitabu cha nambari za simu: huipa jina, nayo hurudishiwa nambari. Mfumo huo hujulikana kama DNS.

Baada ya kupata nambari, kompyuta hubisha hodi kwenye seva ya tovuti hiyo na kusubiri kuitikiwa. Kwa kuwa tovuti nyingi siku hizi hulindwa kwa usimbaji wa siri, pande hizo mbili hulazimika kukubaliana kwanza kuhusu funguo za siri kabla ya kuzungumza. Hapo ndipo kompyuta huomba ukurasa wenyewe.

Seva huutayarisha ukurasa na kuutuma vipandevipande: maandishi, picha, mitindo ya herufi, matangazo na programu ndogondogo zinazoupa uhai. Hatimaye kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa kama vile Chrome, Firefox au Edge, huviunga vipande hivyo na kuuchora ukurasa kwenye skrini.

Katika safari hii kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni upana wa njia, ambao hupimwa kwa megabiti kwa sekunde na ndio unaouzwa na kampuni za intaneti. La pili ni muda ambao ujumbe mmoja huchukua kwenda na kurudi, ambao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde.

Mfano wa barabara utasaidia kueleza tofauti hiyo. Kupanuliwa kwa barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2012, kuliwezesha magari mengi zaidi kupita kwa wakati mmoja, lakini hakukuusogeza mji wa Thika karibu na Nairobi. Vivyo hivyo, kuongeza megabiti hupunguza msongamano lakini hakufupishi safari.

Ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa za kwenda na kurudi kabla ya herufi ya kwanza kuonekana. Iwapo kila safari itachukua nusu sekunde, safari nne pekee ni sekunde mbili, hata kama ofisi imelipia kifurushi kikubwa kuliko vyote sokoni.

Maswali matatu ya kuanzia

Kabla ya kugusa waya wowote au kubadilisha mipangilio ya kompyuta, jiulize maswali matatu. Majibu yake huondoa zaidi ya nusu ya kazi ya kubahatisha.

Swali la kwanza: Je, ni kompyuta moja inayokawia au ni zote? Iwapo jirani yako anayetumia mtandao uo huo anafungua ukurasa ule ule bila shida, usiilaumu kampuni ya intaneti. Tatizo liko kwenye kompyuta yako, kwenye kebo yako au mahali ulipoketi.

Swali la pili: Je, ni tovuti moja au ni zote? Iwapo tovuti moja tu ndiyo inayosuasua huku nyingine zikifunguka upesi, huenda seva ya tovuti hiyo imelemewa, na hakuna utakachorekebisha ofisini kikaiponya.

Swali la tatu: Je, tatizo hutokea siku nzima au saa fulani tu? Iwapo kurasa hufunguka vyema saa moja asubuhi kabla ya wengi kuwasili, kisha zikaanza kukwama saa nne, shuku msongamano. Iwapo hukawia hata wakati ofisi haina mtu, shuku kifaa kibovu au mipangilio isiyofaa.

Yaandike majibu hayo kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Kumbukumbu ya siku tatu ina thamani kuliko malalamiko ya mwezi mzima, kwani huonyesha mkondo ambao mtu hawezi kuuona akiwa ameghadhabika.

Kompyuta moja inapokawia

Ikibainika kwamba ni kompyuta moja pekee yenye tatizo, anza kwa kuangalia iwapo imelemewa. Katika kompyuta za Windows, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager. Dirisha hilo huonyesha jinsi kichakataji, kumbukumbu ya RAM na diski zinavyotumika.

Iwapo kumbukumbu imefika asilimia 90 au zaidi, kompyuta hulazimika kuhamisha data kila mara kati ya RAM na diski, na diski za zamani zinazozunguka ni za polepole mno kwa kazi hiyo. Mtumiaji huona ukurasa umeganda na kudhani ni intaneti, ilhali data ilikwisha kufika zamani na kompyuta ndiyo iliyoshindwa kuichora.

Mara nyingi kinachosababisha hali hiyo ni kufungua vichupo vingi kwa wakati mmoja. Kila kichupo hula kumbukumbu, hata kama hukitazami. Kompyuta yenye gigabaiti 4 za RAM ambayo imefunguliwa vichupo 30, hesabu za Excel na barua pepe, haina budi kusuasua. Funga usivyovihitaji na uhifadhi anwani zake kwenye alamisho.

Jambo la pili ni viendelezi, yaani programu ndogo zinazobandikwa kwenye kivinjari. Baadhi yake huwekwa bila mwenye kompyuta kujua anaposakinisha programu nyingine za bure. Ili kujaribu, fungua ukurasa katika dirisha la faragha, ambalo katika Chrome na Edge hufunguliwa kwa vitufe vya Ctrl, Shift na N. Kwa kawaida viendelezi havifanyi kazi humo. Ukurasa ukifunguka upesi katika dirisha hilo, shuku mbili hubakia: viendelezi, au akiba ya zamani ya kivinjari.

Viendelezi vizime kimoja baada ya kingine hadi umpate mkosaji. Akiba, ambayo ni nakala za kurasa zilizohifadhiwa ili zisipakuliwe upya, inaweza kufutwa kwa vitufe vya Ctrl, Shift na Delete. Hata hivyo, usiifute kila siku kwa kudhani unaongeza kasi. Akiba iliwekwa kusaidia, na anayeifuta hulazimisha kompyuta kupakua kila kitu upya. Aidha, hakikisha hujafuta nywila ulizohifadhi kabla ya kuziandika mahali salama.

Jambo la tatu husahaulika na wengi: mpangilio wa proksi. Proksi ni seva ya katikati ambayo ofisi nyingine huitumia kuchuja kurasa. Kompyuta iliyowahi kutumika katika ofisi yenye proksi, kisha ikahamishiwa kwingine, huenda ikaendelea kuitafuta seva isiyokuwepo kila inapofungua ukurasa. Fungua mipangilio ya mtandao katika Windows, uingie sehemu ya Proxy, na uangalie iwapo kuna anwani ambayo ofisi yako haiitambui. Mwulize afisa wa teknolojia kabla ya kuifuta.

Programu za kukabili virusi nazo zinaweza kuchelewesha, hasa kompyuta ikiwa na mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Kila moja hutaka kukagua kila kipande kinachoingia. Dawa yake ni kubakisha moja iliyo thabiti. Kuziondoa zote ni kualika wezi.

Mwisho, kuna suala la umri. Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za ofisi zilizonunuliwa miaka mingi iliyopita haziwezi kupokea toleo linalofuata. Hata hivyo, kompyuta ya zamani kiasi ambayo bado inafaa inaweza kupata uhai mpya kwa kuongezewa RAM na kubadilishiwa diski inayozunguka kwa diski ya SSD. Gharama ya kazi hiyo kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kununua kompyuta mpya.

Wi-Fi au kebo?

Iwapo kompyuta ni nzima lakini bado inakawia, chunguza njia inayoiunganisha na ruta ya ofisi. Jaribio rahisi ni kuichukua kompyuta hiyo hiyo na kuiunganisha moja kwa moja kwenye ruta kwa kebo. Ukurasa ukifunguka upesi, Wi-Fi ndiyo yenye kasoro.

Mawimbi ya Wi-Fi hudhoofishwa na kuta za mawe, kabati za chuma na umbali. Yale ya masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini nafasi yake ni finyu: ni mikondo mitatu tu, wa 1, wa 6 na wa 11, isiyoingiliana. Katika jengo lenye ofisi nyingi, ruta za majirani hugombania mikondo hiyo hiyo, na tanuri ya mikrowevu jikoni huongeza vurugu inapowashwa. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na kasi zaidi, ingawa hayapenyi kuta kwa urahisi.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wengi. Kompyuta moja iliyo mbali sana na ruta inaweza kuwachelewesha hata walio karibu. Vifaa vya Wi-Fi huzungumza kwa zamu, na chenye mawimbi hafifu huchukua muda mrefu kusema neno lile lile. Ni sawa na mteja mmoja kwenye dirisha la benki anayehesabu sarafu huku foleni nzima ikisubiri.

Kebo nazo si malaika. Kebo iliyokanyagwa na magurudumu ya kiti kwa miaka, au iliyofungwa vibaya kwenye kichwa chake, inaweza kuilazimisha kompyuta kuteremka hadi megabiti 10 kwa sekunde bila kutoa onyo lolote. Badilisha kebo kwanza kabla ya kubadilisha kompyuta.

Ili kupima sehemu hii, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha ubonyeze Enter. Katika dirisha jeusi litakalofunguka, andika ipconfig na utazame nambari iliyo kando ya maneno Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, na mara nyingi hufanana na 192.168.1.1. Sasa andika ping, acha nafasi, kisha uandike nambari hiyo.

Kompyuta itatuma ujumbe mfupi mara nne kwa ruta na kuonyesha muda wa kwenda na kurudi. Kwa kebo, majibu yanapaswa kuwa ya milisekunde chache tu. Yakirukaruka hadi mamia ya milisekunde, au baadhi yake yakakosa kurudi kabisa, tatizo liko ndani ya kuta za ofisi yako, na hakuna kampuni ya intaneti itakayolimaliza kwa kukuuzia kasi zaidi.

Ofisi nzima inapolemewa

Ikiwa kompyuta zote zinakawia kwa wakati mmoja, hesabu ya darasani itakufaa. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, ilhali ukubwa wa kurasa hupimwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8.

Ukurasa wa kawaida wa tovuti siku hizi hupita megabaiti 2. Chukua ukurasa wa megabaiti 2.5, ambao ni sawa na megabiti 20. Ofisi yenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde itaupakua kwa sekunde 2 iwapo ni mtu mmoja tu anayeitumia laini hiyo. Watu 20 wakiitumia kikamilifu kwa pamoja, kila mmoja atabakia na nusu megabiti kwa sekunde, na ukurasa ule ule utachukua sekunde 40.

Lakini kabla ya kuamua kwamba laini ni ndogo, uliza ni nani anayeitumia. Huenda nywila ya Wi-Fi ya ofisi imekuwa mali ya umma: simu za wafanyakazi, za wageni na hata za duka lililo ghorofa ya chini zinapakua video humo. Ingia kwenye ukurasa wa ruta uhesabu vifaa vilivyounganishwa. Ofisi ya watu 20 yenye vifaa 70 imepata jibu lake. Badilisha nywila, na uwatengee wageni mtandao wao wenye kikomo.

Masasisho ya Windows pia huweza kuanza kwenye kompyuta zote asubuhi moja. Mpangilio wa Delivery Optimization huziwezesha kompyuta za ofisi moja kugawana nakala iliyokwisha kupakuliwa, badala ya kila moja kuivuta kutoka ng'ambo.

Chanzo kinachojificha zaidi ya vyote ni upakiaji, yaani data inayotoka ofisini kwenda nje. Vifurushi vingi hutoa njia pana ya kupakua na nyembamba ya kupakia. Kamera za CCTV zinazotuma picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, nakala za hesabu zinazohifadhiwa huko, au folda ya OneDrive inayolinganishwa, zinaweza kuijaza njia hiyo nyembamba pomoni.

Hapo ndipo kinaya kinapozuka. Kila ukurasa unaoufungua huanza na ombi dogo linalotoka ofisini, na ombi hilo hulazimika kupiga foleni nyuma ya picha za kamera. Kwa hivyo njia ya kupakua huenda ikawa tupu, kampuni ikapima na kusema kila kitu ki shwari, huku watumiaji wakilia.

Kulithibitisha ni rahisi. Andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva ya majina ya Google, wakati ofisi imetulia, na uandike milisekunde unazopata. Rudia huku faili kubwa ikipakiwa. Muda ukipanda kutoka makumi hadi mamia ya milisekunde, umempata mhalifu. Dawa yake ni kuhamishia kazi ya nakala saa za usiku, kuwekea kamera kikomo, au kuiagiza ruta itoe kipaumbele kwa maombi madogo. Ruta nyingi za ofisi zina mpangilio huo, unaojulikana kama QoS.

Jina linapokawia kupatikana

Kuna dalili moja ya kipekee: ukitaka kufungua ukurasa, hakuna kinachotokea kwa sekunde tano au kumi, kisha ghafla kila kitu hufika kwa mkupuo. Hapo tatizo huenda si upana wa njia. Kompyuta imechelewa kupata nambari ya tovuti.

Katika dirisha lile jeusi, andika nslookup, acha nafasi, kisha uandike jina la tovuti. Jibu likichelewa sana au likitaja kwamba muda umekwisha, seva ya majina unayotumia ni dhaifu au haipatikani. Zipo nyingine zinazotumiwa bila malipo, zikiwemo ile ya Google iliyoanzishwa mwaka wa 2009 na ile ya Cloudflare, yenye anwani ya 1.1.1.1, iliyozinduliwa mwaka wa 2018.

Hata hivyo, ofisi yenye seva yake ya ndani ya mafaili au printa isibadilishe mpangilio huu kiholela. Huenda majina ya vifaa vya ndani yakapotea, na aliyetaka kuharakisha kurasa akajikuta hawezi hata kuchapisha barua.

Yanayotokea nje ya ofisi

Kuna nyakati ambapo ofisi haina hatia hata kidogo. Hadi mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu wa intaneti. Setilaiti hizo huwa umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na safari moja ya kwenda na kurudi huchukua karibu nusu sekunde kwa sababu ya umbali pekee. Ni Julai mwaka huo ambapo kebo ya SEACOM ilianza kazi Mombasa, ikifuatwa na TEAMS, kisha EASSy mnamo 2010.

Hata data nyepesi za humu nchini wakati mmoja zililazimika kwenda ng'ambo na kurudi. Kituo cha KIXP jijini Nairobi, ambapo kampuni za intaneti hubadilishana data bila kuitoa nchini, kilianzishwa mwishoni mwa mwaka wa 2000, kikafungwa baada ya muda mfupi kufuatia mzozo wa leseni, kisha kikafunguliwa tena 2002.

Kebo za baharini zimepunguza safari pakubwa, lakini nazo hukatika. Mnamo Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watumiaji wa Kenya na nchi jirani wakashuhudia intaneti ikizorota kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo, kubadilisha ruta ni kupoteza pesa.

Seva za tovuti nazo hulemewa. Siku za mwisho za Juni, mamilioni ya walipa kodi huwa wanaelekea mlango mmoja. Mnamo Julai 2023, huduma za eCitizen zilitatizika baada ya shambulio la kimtandao, ambapo seva hujazwa maombi ya uongo hadi zishindwe kuwahudumia watu halisi. Serikali ilithibitisha tukio hilo. Kwa tovuti za aina hii, kinga iliyo mikononi mwa ofisi ni moja tu: kuwasilisha stakabadhi mapema, wiki moja au mbili kabla ya siku ya mwisho.

Namna ya kuzungumza na kampuni

Iwapo umepima kompyuta, Wi-Fi, kebo, upakiaji na seva ya majina, na bado ofisi nzima inakawia, sasa una haki ya kuipigia kampuni simu. Tofauti ni kwamba hutasema tu kuwa intaneti iko chini. Utakuwa na ushahidi.

Unganisha kompyuta moja kwenye ruta kwa kebo, zima Wi-Fi, na uwaombe wengine wasitumie mtandao kwa dakika chache. Pima kasi asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu, na uandike kasi ya kupakua, ya kupakia na milisekunde. Linganisha matokeo na mkataba wako. Chunguza iwapo mkataba unaahidi kasi kamili au unasema "hadi" kiwango fulani, kwa maana vifurushi vya bei nafuu huwa laini inayogawanywa miongoni mwa wateja kadhaa.

Matokeo yakiwa chini ya ulichoahidiwa, dai haki yako kwa maandishi. Yakilingana na mkataba na ofisi bado imebanwa, basi hapo ndipo kununua kasi zaidi kutakuwa na maana.

Tahadhari

Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kebo, ukafuta viendelezi na kuzima ruta kwa pamoja, huenda tatizo likaisha bila wewe kujua kilichoponya, na litakaporudi utaanza upya.

Jihadhari na matangazo ya programu zinazodai kuongeza kasi ya kompyuta kwa mbofyo mmoja. Nyingi hazina faida, na baadhi huleta virusi na wizi wa nywila. Aidha, usizime kinga ya virusi wala ngome ya mtandao kwa ajili ya kuokoa sekunde mbili.

Wakuu wa ofisi nao wana wajibu. Ofisi isiyo na mtaalamu wa kudumu inaweza kumteua mfanyakazi mmoja kuweka daftari la matatizo, kulinda nywila na kukagua vifaa vilivyounganishwa mara moja kwa mwezi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kebo mbovu ya mamia ya shilingi isipobadilishwa leo, kesho ofisi itajikuta ikilipia maelfu kila mwezi kwa kasi isiyofika kwenye dawati la yeyote.

Vilevile, karani anayekaa mbele ya skrini iliyoganda asihukumiwe kabla ya vipimo kufanywa. Dakika kumi za kuuliza maswali matatu na kuandika ping zinatosha kuonyesha iwapo kosa ni lake, ni la kompyuta yake, ni la ofisi au ni la kebo iliyokatika chini ya bahari.